Kadi Isiyoonekana

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia saa mbili na nusu asubuhi, wakati fundi Bisibisi ameiinamia kompyuta ya mwalimu mmoja iliyomwagikiwa maziwa. Simu ikalia mara moja, ikanyamaza, halafu ikaanza kulia mfululizo kama imepagawa. Akafuta mikono, akaichukua.

Aliyeandika alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake.

"Ndugu zangu, mwenye kadi ya kompyuta yangu airudishe leo kimyakimya, kabla sijamtaja kwa jina. Alikuja kusafisha, na kweli kasafisha."

Kundi lile lilikuwa na watu ishirini na watatu: mashangazi, wajomba, mabinamu wa mbali wanaoonekana misibani tu, na mama mzazi wa Bisibisi, ambaye alisoma kila kitu na kujibu kwa nadra. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Fundi wa kompyuta katika ukoo ule alikuwa mmoja tu, na Ijumaa iliyopita alikwenda nyumbani kwa kaka yake kupuliza vumbi kwenye kompyuta ya mkewe. Tayari binamu mmoja alishaweka kikaragosi cha mshangao. Shangazi mkubwa aliandika, "Makubwa haya."

Bisibisi alihisi masikio yanamwaka moto. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye chumba chake kidogo kilichobanwa kati ya fundi cherehani na duka la dawa. Watu walimwachia mashine zenye barua zao, picha zao, na siri ambazo hata wake na waume zao hawakuzijua. Hajawahi kupoteza hata skrubu ya mteja akadaiwa. Leo ameitwa mwizi, tena na mtu wa nyumbani.

Akampigia kaka yake.

"Aa, unamjua wifi yako," kaka alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni. "Ana presha ya kazi. Itapita."

"Kadi ipo au haipo?"

"Kompyuta inasema haipo."

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi? Mimi sitaki kuingia katikati ya wanawake wawili, mdogo wangu."

"Mwambie mkeo asiiguse. Nakuja."

Alitia kwenye mkoba bisibisi zake, brashi, kifutio cha penseli na kadi ndogo ya zamani anayoitumia kwa majaribio. Akamwomba jirani yake wa cherehani amwangalizie mlango, akaondoka na hasira zake kwa miguu, maana kwa namna alivyokuwa asingeweza kukaa kwenye kiti cha basi.

Uadui wake na wifi yake ulikuwa na umri wa miaka miwili. Wifi alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na anayejua kazi. Mama mkwe wake, yaani mama yake Bisibisi, alipotaka kuongeza vyumba viwili, ni yeye aliyechora. Siku ya kumwonyesha mwashi, Bisibisi alitazama karatasi kidogo tu akauliza mbele ya watu, "Kwa hiyo mtu akitoka chooni anaingia moja kwa moja kwenye sufuria?" Mwashi akacheka mpaka akakaa chini. Mlango wa jiko ukahamishwa, na kicheko kile kikazunguka mtaa mzima. Tangu siku hiyo wifi alimsalimia Bisibisi kwa kidevu tu, na Bisibisi naye akawa anapokea kwa nyusi.

Aliyemfungulia mlango asubuhi hii ni wifi mwenyewe. Hakusema karibu. Aligeuka, akatangulia ukumbini hadi chumba cha kazi, na Bisibisi akamfuata kama mtuhumiwa anayepelekwa kizimbani. Kaka alikuwa amesimama pembeni mwa mlango wa chumba, mikono mfukoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, macho yakiwa sakafuni.

Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi. Ramani zilizokunjwa zilipangwa kwenye ndoo kama mikate mirefu, na ukutani palibandikwa picha ya zahanati ya ghorofa mbili ambayo bado haijajengwa. Kwenye meza kulikuwa na skrini kubwa. Chini yake, upande mmoja umeegemezwa ukutani kabisa, kulikuwa na kompyuta yenyewe, boksi jeusi la chuma.

"Saa tisa alasiri," wifi alisema, "wenye zahanati wanakaa hapo. Natakiwa niwazungushe ndani ya jengo lao, chumba kwa chumba, kwenye skrini hii. Tangu jana asubuhi programu inaniambia kompyuta haina kadi ya picha. Nimetazama orodha ya vifaa, haimo. Siku tatu kabla, wewe ulikuwa humu peke yako na bisibisi yako."

"Ukaifungua ukatazama ndani?"

"Sikugusa hata skrubu moja. Sitaki kesho useme niliitoa mwenyewe." Akainua simu yake, akaanza kurekodi. "Haya, fungua. Na mikono yako ikae ninapoiona."

Bisibisi akameza maneno yote yaliyomjia. Akapiga magoti, akalivuta boksi kutoka ukutani, akaligeuza nyuma. Hapo akasita kidogo. Ilikuwa kawaida yake, kila anapomaliza kazi, kudondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu za ubavuni. Mtu akifungua baada yake, rangi inapasuka. Kwenye skrubu ya juu rangi ilikuwa imepasuka katikati. Ya chini haikuwa na rangi kabisa, na haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa skrubu ya mbao.

"Nani amefungua baada yangu?"

"Usianze maigizo," wifi alisema.

"Hii ni skrubu ya kabati. Mimi siwezi kuweka skrubu ya kabati kwenye kompyuta hata nikiwa usingizini."

"Fungua, wifi. Muda unakwenda."

Akafungua. Ubavu ukatoka, na kadi ya picha ikaonekana mahali pake: nene, nzito kama tofali dogo, na feni zake tatu. Bila kipande hicho kompyuta ingeandika barua na kusoma habari bila shida, lakini ukiiambia ibebe jengo zima na madirisha yake na vivuli vyake, inaganda.

"Hiyo hapo," Bisibisi alisema. "Rekodi vizuri. Sogea karibu."

Simu ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. "Hiyo ni yenyewe, au umeniwekea gamba?"

"Lete boksi lake la dukani."

Wifi akalitoa kabatini. Bisibisi akachomoa waya wa umeme wa ukutani, akafungua kadi, akaitoa polepole na kuigeuza. Akasoma namba iliyobandikwa mgongoni, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Wifi alifuatisha kwenye boksi kwa ukucha. Zilikuwa tarakimu kumi na mbili. Zote zililingana.

Hapo mtu mwingine angesema samahani. Wifi alizima simu, akaiweka mezani, akasema, "Basi hukuiiba. Umeiua."

"Asante kwa kunipandisha cheo," Bisibisi alijibu. "Asubuhi mwizi, saa nne muuaji."

Mlangoni kaka alijaribu kucheka. Wanawake wote wawili walimtazama, akaacha.

Bisibisi akaanza kazi. Kwanza alitazama waya unaoipa kadi umeme kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, akauchomoa na kuuchomeka upya mpaka ukalia tiki. Kisha akachukua kifutio na kusugua taratibu ule ukingo wa pini za dhahabu unaoingia kwenye bodi kuu, akapuliza, akairudisha kadi kwenye sloti, ule mfereji wake mwembamba, na kuibana. Akawasha. Feni tatu zikazunguka vizuri. Skrini ikawaka. Akafungua orodha ya vifaa: haimo.

"Inazunguka lakini haimo," wifi alisema nyuma yake. "Maajabu."

"Kuzunguka ni umeme tu. Kuonekana ni kuongea na bodi. Hazisemezani." Alisita. "Kama watu fulani."

"Fanya kazi."

Akazima, akawasha tena, safari hii akabonyeza kitufe kabla mfumo haujaamka, akaingia kwenye ukurasa ule wa mipangilio ambamo kompyuta inajitazama yenyewe. Huko nako palipotakiwa kuandikwa jina la kadi palikuwa patupu. Basi si programu. Hata ukifuta kila kitu na kuweka upya, ni kupoteza siku. Ni chuma.

Alipokuwa akitazama nyuma ya boksi aliona jambo jingine. Waya wa skrini haukuwa umechomekwa kwenye kadi, alipouacha yeye Ijumaa. Ulikuwa kwenye tundu dogo la bodi yenyewe.

"Wifi, waya huu umeuhamisha wewe?"

"Nimekwambia sikugusa kitu."

"Kama ungekuwa pale nilipouacha, jana usingeona hata mwanga. Skrini ingekuwa nyeusi tii. Kuna mtu aliona skrini nyeusi, akahangaika, akachomeka hapa ikawaka, akashukuru Mungu akaondoka."

Kaka akakohoa. "Niwaletee maji?"

"Kaa hapo," Bisibisi alisema bila kugeuka.

Akatoa mkobani ile kadi yake ndogo ya majaribio, ambayo aliijua kama anavyojua vidole vyake, akaiweka kwenye sloti ileile badala ya ile kubwa. Akawasha. Haimo. Kadi nzima, aliyoitumia juzi tu dukani, sloti ile haikuiona. Akazima. Akachukua tochi, akalaza shavu karibu na bodi, na sasa akajua anatafuta nini. Kile kiguu cha plastiki kinachofunga kadi mwishoni mwa sloti kilikuwa kimekatika. Sloti yenyewe ilikuwa imeinuka upande mmoja, wembamba wa kucha, na mstari wa ufa ulipita kwenye plastiki yake. Kitu kizito kilikuwa kimevutwa kwa nguvu kutoka pale, kisha mtu akakisukuma kurudi.

Akainuka, akalizungusha boksi lote. Kwenye kona ya chini, ile iliyokuwa imegeuziwa ukutani, chuma kilikuwa kimebonyea kama kopo lililopigwa teke.

"Imeanguka," alisema.

Wifi akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye bonyeo lile. Halafu akatazama mlangoni.

"Mimi?" kaka aliuliza kabla hajaulizwa. "Labda mtoto. Unajua anavyokimbia na mpira humu ndani. Jumapili nilimsikia huku, nikasikia kitu kimegonga, nikadhani ni mlango."

Bisibisi aliona uso wa wifi yake ukibadilika, si kwa hasira kwanza, bali kwa kitu kilichotulia zaidi na cha kutisha zaidi.

"Jumapili," wifi alisema.

"Ndiyo, mchana hivi."

"Jumapili mtoto nilikuwa naye kwa dada yangu, toka asubuhi mpaka giza linaingia. Uliyebaki nyumbani ni wewe." Akasimama. "Mwanao ana miaka sita. Umekosa mtu wa kumsingizia mpaka umemsingizia mtoto wa miaka sita?"

Kaka alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, lakini pale alikuwa kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu kwenye soksi. Maneno yakaanza kumtoka vipande vipande. Jumapili kulikuwa na mpira. Marafiki zake wawili walikuja. Televisheni ya sebuleni ni ndogo, skrini ya humu ni kubwa, akaona ahamishe skrini na boksi lake kwa muda wa mechi tu. Akajikwaa kwenye waya. Boksi likamponyoka. Likaanguka kwa ubavu. Akafungua, akakuta kadi imening'inia, akaibana, akapoteza skrubu moja chini ya kabati, akatafuta nyingine.

"Nilidhani imepona," alisema.

"Na leo asubuhi nilipokuwa naandika kwenye kundi," wifi alisema, "ulikuwa umekaa kitandani pembeni yangu. Nilikusomea kabla sijatuma. Ukaniambia nini?"

Kaka akajikuna kidevu.

"Aliniambia, 'Tuma,'" wifi alimwambia Bisibisi. Hakukuwa na urafiki katika sauti ile, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kumtazama machoni.

Bisibisi alijikuta amekaa chini sakafuni, kadi kubwa imelala mapajani. Matusi ya wifi aliyazoea, hata aliyatarajia. Hili la kaka lilimwingia mahali pengine. Walilala chumba kimoja mpaka yeye Bisibisi alipotimiza miaka kumi. Kaka ndiye aliyemnunulia bisibisi yake ya kwanza kwa mshahara wake wa kwanza, na watu walipocheka eti mtoto wa kike atafanya nini nayo, aliwafukuza.

"Kuna sloti nyingine chini," alisema hatimaye, sauti imekauka. "Ni nzima, nadhani. Kadi itaingia hapo na mkutano wako utafanyika. Ila siiweki."

"Huiweki?"

"Mpaka aseme kundini. Yeye, kwa sauti yake. Si wewe umwandikie, si yeye aandike 'kulikuwa na kutoelewana kidogo'. Watu ishirini na watatu wamesoma kwamba mimi ni mwizi."

"Saa sita inakaribia!" wifi alifoka. "Unaniadhibu mimi kwa makosa yake?"

"Aliyeandika ni nani?"

Wakatazamana kama majogoo. Kisha wifi akageuka, akachukua simu ya mumewe mfukoni mwake bila kumwomba, akafungua kundi, akamshikisha.

"Sema."

"Mbele ya mama na mashangazi? Jamani, haya si mambo ya ndani?"

"Sema!"

Akabonyeza, akasogeza simu mdomoni. "Hamjambo wote. Aa... kuhusu ile kadi, imepatikana, kwa hiyo tusameheane, ni mambo ya—"

Wifi akamnyang'anya, akafuta, akamrudishia. Ya pili aliiharibu mwenyewe kwa kukohoa. Ya tatu alisimama wima, akafumba macho, akasema, "Kompyuta niliiangusha mimi Jumapili nikaficha. Dada yangu hakuiba kitu. Nilijua, nikanyamaza." Akatuma. Halafu akatoka chumbani, na wakasikia mlango wa mbele ukifungwa.

Bisibisi akaiingiza kadi kwenye sloti ya chini, akaifunga kwa skrubu za kweli kutoka mkobani, akaurudisha waya wa skrini kwenye kadi, akawasha. Ikachukua muda, mrefu kiasi cha kumtoa jasho la mgongo. Kisha jina la kadi likajitokeza kwenye orodha. Wifi akamsukuma pembeni kwa nyonga, akaketi, akafungua kazi yake. Zahanati ikajaa skrini nzima. Akaizungusha, mlango wa mbele ukafunguka, korido ikapita, na mwanga wa madirisha ukatembea sakafuni bila kukwama.

Bisibisi alitazama kwa kutopenda. Ilikuwa kazi nzuri. Milango yote ilikuwa mahali pake.

"Itadumu?" wifi aliuliza, mgongo umemgeukia.

"Sloti ya chini ina kasi ndogo kidogo, hutaona tofauti. Ila boksi lisihamishwe, na ile ya juu usichomeke kitu tena."

"Sawa."

Bisibisi akakusanya vifaa vyake. Alisubiri kidogo, si kwa sababu alitarajia samahani, bali kwa sababu binadamu ana masikio. Wifi aliendelea kuzungusha jengo.

"Nilikuita mwizi kwa kuwa nilitaka uwe mwizi," alisema ghafla. "Nilifurahi nilipoona haimo. Sijui nikuambie nini kingine."

"Usiniambie kitu," Bisibisi alisema. "Hata mimi, ile siku ya mlango wa jiko, ningeweza kukuita pembeni. Nilitaka wakucheke."

Wifi akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa kitu alichokwisha kukijua. Hawakupeana mikono. Bisibisi akatoka mwenyewe.

Alikuwa hajafika mwisho wa mtaa simu ilipolia. Mama.

"Mwanangu, mmefanya nini?" Mama alikuwa anahema. "Mnamwaibisha kaka yako mbele ya ukoo mzima! Kanipigia analia. Mwanamume mzima analia! Hayo si ya kuzungumza wenyewe ndani?"

Bisibisi alisimama kando ya barabara, mkoba ukimvuta bega. Lori la mchanga lilipita, akalisubiri limalize kelele.

"Mama, asubuhi nilipoitwa mwizi, uliusoma ule ujumbe?"

Mama akauliza kama kuna jua huko barabarani.

"Mama."

"Niliusoma."

"Ulisema nini?"

Alisikia redio ya mama ikizungumza nyuma, na mama akivuta pumzi kama anayetaka kuanza sentensi, kisha asiianze.

"Jumapili utakuja kula?" mama aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sijui, mama."

Jumapili hiyo hakwenda, wala iliyofuata. Ya tatu alikwenda. Kaka hakuwepo. Wifi alikuwepo, na mama aliwakalisha meza moja kwa makusudi, wakala bila kusemezana. Wakati wa kuondoa vyombo Bisibisi aliinuka akashika sahani za upande wake, wifi akashika za upande wake, wakapishana kwenye mlango wa jiko, na kila mmoja akampisha mwenzake kwa adabu baridi ya watu wasiosahau.